Mkono wa Nguvu na Kucha za Paka

Ubishi huu si mdogo kama unavyoonekana. Ukimwuliza mtu wa kwetu namna ya kumkata paka kucha, atakujibu kwa moja kati ya njia mbili: ama atacheka, ama ataagiza gunia. Anayecheka ana hoja, nami nitaisikiliza. Anayeagiza gunia hana hoja. Ana nguvu tu, na nguvu hizo huziita ujuzi. Huyo wa pili ndiye ninayemwelekezea kalamu, kwa sababu nimeishi naye maisha yangu yote, nyumbani, shuleni na chuoni, na nimechoka kumsikia akijisifu.

Tuanze na anayecheka. Anasema hivi: Mwalimu, paka wa Kilosa ni mfanyakazi. Anapanda mwembe, anaparura mti, anakimbiza panya ghalani, na kucha zake zinajisaga zenyewe kwa kazi. Mkulima wa Rudewa au wa Ilonga atoe wapi muda wa kumtengeneza paka kama bibi harusi? Nakubaliana naye kabisa. Wilaya yetu ni wilaya ya mahindi, na penye mahindi pana panya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza panya shamba kwa miaka mingi, na mtu yeyote aliyelima huku anajua kwamba mwaka panya wanapofumuka, mbegu hufukuliwa kabla hazijaota. Paka wa ghala anahitaji kucha zake. Ukimkata, umemnyang'anya jembe. Isitoshe, paka atokaye nje hukutana na mbwa, na mti ndio kimbilio lake. Huyo mwacheni.

Lakini si kila paka ni wa ghala. Siku hizi wako paka wengi wanaoishi ndani ya nyumba zenye madirisha ya nyavu, makochi na sakafu ya vigae, wasioona gome la mti kutoka Januari hadi Desemba. Wako pia paka wazee. Paka akishafika miaka kumi na kitu, viungo humuuma, huacha kuparura, na kucha zake hunenepa na kujikunja. Hapo kicheko kinakwisha. Ukucha uliojikunja hurudi ukaingia katika nyama laini ya wayo, na mnyama akaanza kuchechemea huku watu wakisema ni uzee tu. Unaotangulia kuingia mara nyingi ni ule wa kidole gumba, ulio juu pembeni ya mguu wa mbele, kwa sababu haugusi ardhi wala hausagiki kwa kutembea.

Na wako wenye paka walio wazee, kama mimi. Ngozi ya mtu wa miaka sabini na kitu ni karatasi. Mkwaruzo ambao kijana huupangusa kwa kanga, kwa mzee huchukua wiki mbili kufunga, na kwa mzee mwenye kisukari huweza kuwa jambo la hospitali. Kwa nyumba kama hizi kucha za paka si urembo.

Sasa twende kwa mtu wa gunia. Nitamweleza kwa tukio moja la Mikumi, nyumbani kwa binti yangu, si mbali na barabara kuu iendayo Iringa. Palikuwa na paka jike, mzee, aliyezaa vizazi vingi vya paka wa mtaa ule. Kucha zake zilikuwa ndefu hata zikawa zinanasa katika zulia. Akaitwa kijana mmoja wa jirani, mwenye sifa ya kuwaweza wanyama. Akaja na gunia la mkaa na mkasi wa kukatia kitambaa. Paka akasokomezwa kichwa ndani, mguu mmoja ukatolewa nje, watu wawili wakamkalia. Ukucha wa kwanza ukakatwa pamoja na nyama yake, damu ikatoka, na paka akageuka ndani ya gunia akamng'ata kijana kidole kupitia kitambaa, meno yakazama. Gunia likaachiwa. Paka akapanda darini.

Tuhesabu gharama, kwa kuwa mtu wa gunia hupenda kusema njia yake ni ya haraka. Kijana alikwenda kituo cha afya, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo nchini mwetu, paka naye huweza kukibeba, na hakuna aliyekumbuka kama yule mama paka aliwahi kuchanjwa. Jeraha la namna hiyo hutakiwa kuoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha chanjo, tena sindano si moja. Kuna nauli, kuna siku za kazi zilizopotea, kuna kidole kilichovimba, maana jino la paka ni jembamba na hupanda uchafu ndani kabisa. Paka alikaa darini siku tatu, na kwa miezi kadhaa baadaye hakuna aliyeweza hata kumgusa mgongo. Kucha zilizokatwa: moja. Zilizobaki: 17.

Kijana yule simlaumu sana, hakusomea. Ninaowalaumu ni wasomi, na hapa nataka wenzangu wa chaki wanisikilize. Hakuna mwalimu aliyepita chuo cha ualimu katika nchi hii asiyekutana na paka wa Thorndike. Mwaka 1898 Mmarekani huyo, Edward Thorndike, alitoa utafiti wake juu ya paka aliowafungia katika visanduku vyenye komeo. Paka ana njaa, chakula kiko nje, anakiona. Mwanzoni huparura na kuuma kila kitu, mpaka kwa bahati agusapo kamba au ubao unaofungua mlango. Akirudishwa ndani tena na tena, muda wa kutoka hupungua, hata mwisho akifungiwa tu huenda moja kwa moja kwenye komeo. Tendo lililomletea nafuu analishika, mengine anayaacha. Tuliliita sheria ya matokeo, na wanachuo walilikariri kwa ajili ya mtihani wakapata alama nzuri.

Basi niambieni, wenzangu. Gunia la Mikumi ni nini kama si kisanduku cha Thorndike? Paka alijaribu kujinyonga, halikufunguka. Alijaribu kulia, halikufunguka. Aling'ata, likafunguka. Kile mtu wa gunia anachokiita kumzoesha paka ni somo kamili, lililoandaliwa vizuri na kufundishwa kwa mafanikio makubwa: paka amefundishwa kung'ata. Mara ya pili hatahangaika na kulia. Ataanzia kwenye jino, kama paka wa Thorndike alivyoanzia kwenye komeo. Halafu watu husema paka huyu ni mkali kwa asili, ana damu mbaya. Damu gani? Mmemsomesha wenyewe.

Kuna sehemu ya pili ya habari ya Thorndike ambayo walimu wengi hawaitaji. Mwanzoni aliamini kwamba karaha hufuta tabia kwa nguvu ileile ambayo raha huijenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, baada ya majaribio zaidi, aliirekebisha kauli yake mwenyewe: zawadi hujenga kweli, lakini adhabu haifuti kwa kiasi kile alichokuwa amedhani. Mtu mzima na jina lake alirudi nyuma akasahihisha daftari. Sisi tumebaki na nusu ya kwanza kwa sababu inaruhusu fimbo.

Nitajibiwa kwamba hizi ni nadharia za Wazungu, na kwamba Mwafrika anajua wanyama wake. Sawa. Tuache Marekani, twende Morogoro mjini. Hapo Sokoine, tangu mwaka 2000, lipo shirika la APOPO ambalo huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Wanaowafundisha wengi ni Watanzania. Panya mchanga huanza kushikwa mikononi tangu akiwa na wiki chache, azoee watu, sauti, injini na majani yenye umande. Kisha hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kidude cha mkononi maana yake ni chakula, kipande cha ndizi au karanga. Akinusa kitu sahihi husikia mlio, hupata ndizi yake. Akikosea hakuna kofi. Hakuna ndizi, basi. Miezi kama tisa hupita hivyo, hatua kwa hatua.

Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, na kabla ya kufa Januari 2022 alikuwa amegundua mabomu na silaha nyingine zilizofukiwa zaidi ya 100. Watu waliweka maisha yao juu ya pua ya panya aliyefunzwa kwa ndizi. Nauliza: kama panya, mnyama tunayemwona mwizi na adui, anaweza kufundishwa kazi ya hatari namna hiyo bila kupigwa hata mara moja, huyu paka anayelala miguuni petu anahitaji gunia kwa lipi? Panya wa Morogoro wanasoma katika shule bora kuliko paka wa Kilosa.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana ni rahisi kulaumu. Kucha za paka zinapotulia zimo ndani ya ala yake, kama jambia. Ukibonyeza kidole chake taratibu kati ya gumba lako juu na kidole chako chini, ukucha hujitokeza wenyewe. Ukiutazama kwenye mwanga wa dirisha utaona sehemu ya shina ina rangi ya waridi. Hiyo ni nyama hai, yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mbele yake ukucha ni mweupe, hauna uhai, na hapo ndipo pa kukata, ncha tu, mbali na ule uwaridi. Kwa paka mwenye kucha nyeusi usiyeuona uwaridi huo, kata kidogo zaidi ya unavyotamani. Kikata kucha chetu cha kawaida cha dukani kinafaa kwa paka mdogo kikiwa kikali, na kwa kucha nene za paka mzee ni afadhali mkasi maalumu wa daktari wa mifugo. Butu haikati, inaponda. Ikitokea damu, bandika unga mkavu laini, bana kidogo, mwache aende zake. Siku hiyo kazi imekwisha.

Hayo ni ya mkono. Ya kichwa ndiyo yanayotushinda. Tulifundishwa kuanza na jambo jepesi kwenda gumu, na linalojulikana kwenda lisilojulikana. Paka anajua kupapaswa kichwa na shingo. Hajui kushikwa mguu, na miguu ndiyo silaha yake na ndiyo mbio zake, kwa hiyo usishangae akiivuta. Kaa naye anaposinzia baada ya kula. Papasa shingo, shuka begani, gusa mguu mara moja, mpe kipande cha dagaa, ondoka. Kesho hivyo hivyo. Akivuta mguu, uachie papo hapo, usishindane. Ukishindana umerudi kwenye gunia, hata kama gunia lenyewe hulioni. Siku atakapouacha mguu mkononi mwako bila kuuvuta, ndipo ubonyeze kidole kimoja, ukucha utoke, dagaa. Bado hujakata kitu.

Kisha chombo. Kiweke sakafuni karibu na sahani yake akinuse. Kibonyeze akiwa mbali asikie mlio, umpe kitu. Mjukuu wangu aligundua kuvunja tambi kavu kwa kikata kucha hicho karibu na paka, kwa kuwa mlio wake unafanana na ukucha ukikatika, na nilimpa alama kumi juu ya kumi. Tambi hupasuka, dagaa hutoka. Baada ya siku chache paka husikia mlio akageuza uso kutafuta dagaa. Hapo amekwisha kusoma nusu ya somo.

Siku ya kukata, kata ukucha mmoja. Nasema mmoja. Hapa ndipo watu wema wanapoharibu: ukucha wa kwanza umekwenda vizuri, wanashikwa na tamaa, wanaendelea mpaka wa tano ambapo paka anachoka na kukwaruza, na paka anaondoka akikumbuka ule wa tano. Mwalimu mzuri hufunga kitabu darasa likiwa bado linataka. Kucha 18, tano kwa kila mguu wa mbele na nne kwa kila wa nyuma, ukikata mmoja kwa siku ni siku 18, na ukimaliza ni karibu wakati wa kuanza tena. Kwa hiyo hakuna siku ya kukata kucha katika nyumba hiyo, kuna dakika moja ya kila jioni. Aliyebahatika kuwa na mtoto wa paka aanze mapema kabisa, hata kabla ya haja, kumshikashika vidole. Kwa mzee itachukua wiki nyingi, wala hilo si kosa lake.

Naomba nisieleweke vibaya. Ukucha ukishaingia ndani ya wayo, hapo si pa kuanza masomo ya dagaa. Ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, afungwe kwa taulo kama daktari atakavyoona, apewe dawa. Siku ya jipu si siku ya shule. Masomo huanza akishapona, tena kuanzia mwanzo kabisa, shingoni.

Wapo wenye fedha ambao husoma kwamba Marekani kuna njia ya kumaliza shida hii mara moja kwa kuzing'oa kucha zote. Wajue kinachofanyika: ukucha wa paka umeota kutoka mfupa wa mwisho wa kidole, hivyo kuung'oa ni kukata ncha ya kila kidole, mfupa na yote. Uingereza imekataza chini ya sheria yake ya mwaka 2006, na jimbo la New York likafuata mwaka 2019. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na sidhani palikuwa na haja ya sheria ili mtu aone aibu hapo.

Kuna methali ambayo mtu wa gunia huitumia kama ngao: samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia katika vikao vya walimu, kila mara ikifuatiwa na fimbo. Lakini mwangalieni mvuvi anavyomkunja samaki mbichi. Hamvunji. Anamkunja kwa sababu nyama inakubali, na mkono unasikiliza nyama. Anayevunja ni yule anayemjia mkavu kwa haraka. Methali inazungumzia wakati, wao wameifanya izungumzie nguvu.

Mtaona nimegusa shule. Sikukusudia kwenda mbali na paka, lakini mkono ni ule ule. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe katika kitabu. Kila mwalimu anajua jinsi kitabu kile kilivyokuwa cheupe na jinsi uwanja ulivyokuwa na vilio. Na mtoto aliyepigwa kwa kushindwa hesabu alijifunza kitu, kama paka wa Mikumi alivyojifunza: alijifunza kunakili kwa jirani, au kutokuja Jumatatu. Kisanduku kilifunguka hapo.

Limebaki lile la muda na gharama. Wanasema nani atoe dagaa kwa paka wakati watu wanahitaji kitoweo? Nimepima. Dagaa mmoja wa Mwanza nikimvunja vipande vitatu hutosha jioni tatu, na kikombe kimoja cha chai kilichojaa dagaa kilitupeleka zaidi ya miezi miwili pale Mikumi, tulipoanza upya na yule mama paka baada ya kuponywa. Wiki mbili za kwanza hatukupita bega. Wiki ya tano alikubali kidole kibonyezwe. Alipokatwa ukucha wake wa kwanza bila gunia, binti yangu alikuwa ameketi jikoni peke yake na alinipigia simu Kilosa usiku kunieleza, kana kwamba mtoto amefaulu darasa la saba. Miguu ya mbele sasa huitoa bila ugomvi, isipokuwa gumba la kushoto, lile lililoumizwa siku ile. Hilo hulivuta kila tunapolifikia, nasi huliachia, tukampa dagaa wake vilevile, tukajaribu jioni nyingine.